Muulize Bibi Hadubini: Damu imesema, mkojo je?

Tangu nilipoigusia lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, kwenye toleo la Mei, mwezi ambao tarehe 10 ndiyo siku ya ugonjwa huo duniani, barua hazijakatika. Leo najibu nne. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi si daktari. Nilikuwa mteknolojia wa maabara mpaka nilipostaafu, na kazi yangu hapa ni kukufungulia ile karatasi ya majibu. Tukifika kwenye dawa nitakurudisha kwa daktari wako, usinikasirikie.

“Hana maumivu popote, kwa nini wamtoboe figo?”

*Shikamoo Bibi. Binti yangu ana miaka 24, aligundulika na lupasi mwaka juzi. Sasa viungo vimetulia, vipele vya usoni vimeondoka, anakwenda kazini kama kawaida. Kliniki iliyopita walimpima wakasema C3 imeshuka kutoka 1.02 hadi 0.58, anti-dsDNA imepanda kutoka 45 hadi 230, kreatinini ilikuwa 62 sasa ni 88, na mkojo una protini alama mbili na damu alama moja. Daktari anataka alazwe wachukue kinyama kwenye figo. Lakini karatasi yenyewe imeandika kreatinini ni ya kawaida! Harusi yake iko karibu. Baba yake anasema hospitali wanatafuta hela tu. Naomba ushauri. – Mama wa binti, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuandika namba zote mbili, ya zamani na ya sasa. Wengi huniletea moja tu, wakati kwenye lupasi namba moja peke yake haisemi mengi.

Tuanze na hizo za damu. Kwenye lupasi kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia vitu vya mwili wenyewe, na mojawapo ya vitu hivyo ni DNA, ile iliyomo ndani ya kiini cha chembe za mwili. Hizo ndizo anti-dsDNA. Zikishikana na DNA huwa vifundo vidogo, na baadhi yake hunasa kwenye vichujio vya figo. Pale kwenye vichujio huita C3 na C4, ambazo ni protini za damu zinazosaidia kinga kupigana. Zikiitwa hutumika, na zikitumika kuliko zinavyotengenezwa hupungua kwenye damu. Kwenye shughuli, ukikuta gunia la mchele limeshuka ghafla, huna haja ya kuhesabu wageni ukumbini. Unajua tu kwamba jikoni kuna watu wanakula. C3 ya 0.58, wakati maabara nyingi huanzia 0.9 hivi, inasema kuna mahali inaliwa.

Damu haisemi ni mahali gani. Wapo wagonjwa ambao anti-dsDNA zao hukaa juu miaka na C3 ikiwa chini kidogo, na hawaumwi chochote. Hao daktari hawaongezei dawa kwa sababu ya karatasi; huwaita kliniki mapema zaidi na kuwapima mkojo mara kwa mara. Wapo pia, hasa wenye aina ya tano ya ugonjwa wa figo za lupasi, ambao figo huvuja protini nyingi huku C3 ikiwa ya kawaida na anti-dsDNA haionekani kabisa. Kwa hiyo binti angekuwa na hizo namba za damu tu, mkojo ukiwa safi, ningekwambia tulia, rudini baada ya wiki chache.

Mkojo wake si safi, na hilo ndilo lililomshtua daktari wake. Nami limenishtua.

Kile kijiti cha mkojo nimekichovya siku zote za kazi yangu. Kibanda cha protini huwa cha njano, na kadiri protini inavyozidi hugeuka kijani. Alama mbili ni kijani usichoweza kubishana nacho. Bado kijiti hakitoshi, kwa sababu homa, maambukizi ya njia ya mkojo, damu ya hedhi au kazi nzito vinaweza kukichafulia majibu. Ndiyo maana baada ya kijiti inafaa mkojo uzungushwe kwenye mashine, maji ya juu yamwagwe, na tone la chini liwekwe chini ya hadubini. Ninachokitafuta pale ni chembe nyekundu za damu. Zikitoka kwenye kibofu au kwenye hedhi huwa za mviringo, nzuri. Zikiwa zimepenyezwa kwenye kichujio cha figo kilichovimba hutoka zimepindapinda, nyingine zina vinundu pembeni kama masikio. Na nikiona chembe nyekundu zimegandamana zikawa bomba refu lenye rangi ya kutu, basi mjadala wa hedhi umekwisha. Bomba hilo hutengenezwa ndani ya mirija ya figo, si penginepo. Kwa bahati mbaya huyeyuka mkojo ukikaa kwenye joto, na maabara iliyojaa watu mkojo hukaa. Mpelekee mtu wa maabara mkojo wa asubuhi, wa katikati, usizidi saa moja au mbili tangu utoke, na mwambie kwa heshima kwamba mgonjwa ana lupasi ili autazame mwenyewe.

Kisha kuna kipimo cha kulinganisha protini na kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huitoa, kwenye mkojo uleule. Mtu mzima mwenye afya huwa chini ya gramu 0.15 za protini kwa kila gramu ya kreatinini. Ikifika 0.5 na kubaki hapo, madaktari wa figo duniani kote huanza kuzungumzia kuchukua kinyama. Barua yako haikutaja namba hiyo. Iulizieni.

Sasa hiyo kreatinini “ya kawaida”. Karatasi haikudanganya: kwa wanawake maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na 90. Lakini mpaka huo umewekwa kwa ajili ya umma mzima, wakati binti yako ana mpaka wake mwenyewe, nao ulikuwa 62. Kutoka 62 hadi 88 ni ongezeko la asilimia 42. Ukiziingiza namba hizo kwenye fomula ya kukadiria kasi ya figo kuchuja damu, kwa mwanamke wa miaka 24 zinatoka takriban 120 na kuangukia takriban 80. Yaani theluthi ya kazi ya figo huenda imepotea, na hakuna nyota wala herufi nyekundu kwenye karatasi. Hili hunikera sana kwenye karatasi zetu: kompyuta hupiga alama namba iliyovuka mpaka na kuiacha iliyokimbia ndani ya mpaka. Kreatinini ndiyo huchelewa kuliko zote. Mara nyingi kingamwili hupanda kwanza, C3 hushuka, protini hutokea kwenye mkojo, na kreatinini hufika mwisho, wakati mwingine makovu yakiwa yameshaanza.

Kuhusu maumivu: figo zilizovimba kwa lupasi kwa kawaida haziumi. Tazameni macho yake asubuhi kama yamevimba, alama za soksi jioni, povu la mkojo lisilokatika, na presha. Presha mpimieni leo, msingoje kliniki.

Kinyama ni cha nini, kama yote haya yameshaonekana? Ni kwa sababu mkojo wa aina hiyohiyo unaweza kutoka kwenye ugonjwa wa aina tofauti, na dawa zake hazifanani. Tangu 2003 madaktari hutumia mpangilio wa aina sita. Ya kwanza na ya pili mara nyingi hazihitaji dawa kali kwa ajili ya figo. Ya tatu na ya nne huwaka na zinahitaji dawa nzito haraka. Ya tano huvuja protini. Ya sita ni makovu matupu, na huko dawa za kukandamiza kinga hazina cha kuokoa. Kinyama huonyesha pia kiasi gani ni moto na kiasi gani ni kovu. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kulisema hilo leo hii. Utaratibu wenyewe hufanywa mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, ganzi kwenye ngozi, picha ya ultrasaundi ikiongoza sindano, kisha analala chali masaa kadhaa wakimwangalia asivuje damu. Kabla ya hapo watapima chembe sahani na ugandaji wa damu, na presha lazima iwe imeshuka. Akiwa anameza aspirini aseme.

Mwambie baba yake, kwa upole, kwamba ukitaka kumla mtu hela kuna njia rahisi zaidi za kufanya hivyo kuliko kumtia sindano kwenye figo. Na mwambie pia kwamba lupasi ya figo hupenda kuonekana miaka ya mwanzo baada ya ugonjwa kugundulika, na kwamba watu wenye asili ya Afrika hupatwa nayo zaidi na kwa ukali zaidi. Binti yuko kwenye umri na muda uleule.

Harusi si lazima iahirishwe. Mimba ndiyo isubiri. Madaktari hupenda figo ziwe zimetulia angalau miezi sita kabla ya kushika mimba. Maikofenoleti, mojawapo ya dawa zinazotumika sana, huharibu mtoto tumboni na huachwa si chini ya wiki sita kabla, tena kwa kubadilishiwa, si kwa kuacha tu. Losartani na enalaprili, ambazo hupunguza protini kwenye mkojo, nazo hazifai kwenye mimba. Basi bibi harusi mtarajiwa azungumze uzazi wa mpango na daktari kabla ya kuchagua gauni, na mchumba wake awepo.

Mawili ya mwisho. Haidroksiklorokwini, dawa ya msingi ya lupasi, asiiache hata akijisikia mzima, na prednisoloni asiikate ghafla kwa kuchukia uso kujaa. Na zile diklofenaki za maumivu za dukani ambazo kila mwenye viungo vibovu huwa nazo kwenye mkoba, azitupe. Figo iliyovimba haizihitaji.

“ESR yangu ni 96. Lupasi imeamka?”

*Hujambo Bibi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 38 na lupasi ya miaka mingi. Nina homa siku ya nne na ubavu wa kulia unauma nikivuta pumzi. Nimepimwa ESR 96 na CRP 140. Wa duka la dawa amenishauri nipandishe prednisoni hadi vidonge vinane nitulie. Ni sawa? – Mwalimu, Nakuru*

Barua hii sikuingoja gazetini. Mhariri alinipa namba, nikampigia mwalimu siku ileile nikamwambia aende hospitali kabla ya kumeza kidonge cha nyongeza hata kimoja. Amekubali niichapishe kwa sababu wapo wengi wanaosimama kwenye kaunta ileile.

ESR ni kipimo cha kizamani ninachokipenda. Unajaza damu kwenye mrija mwembamba wenye alama za milimita, unausimamisha wima, unaangalia saa. Baada ya saa moja unasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Basi. Hesabu ya haraka ya kujua mwisho wa kawaida kwa mwanamume ni umri kugawa kwa mbili, kwa hiyo kwake ni 19. Kwa mwanamke ongeza kumi kwenye umri kabla ya kugawa. Tisini na sita ni nyingi mno. Lakini ESR hupanda kwa lupasi, hupanda kwa kifua kikuu, hupanda kwa upungufu wa damu, hupanda kwa mimba, na hupanda figo zikivuja protini. Inapiga kelele bila kutaja jina.

CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, ndiyo iliyonifanya nishike simu. Lupasi ikiamka, mara nyingi ESR hupanda huku CRP ikibaki chini au ikinyanyuka kidogo tu. Magonjwa mengine ya viungo hayako hivyo, na hata waganga wengine husahau. Lupasi ikigusa utando wa mapafu au wa moyo, au ikivimbisha viungo sana, CRP inaweza kupanda, na ubavu wa mwalimu ungeweza kuwa huo. Lakini CRP ya 140 na homa kwa mtu anayemeza dawa za kukandamiza kinga ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nimonia, malaria, kifua kikuu, mkojo: vyote vitafutwe kwanza. Ukimpandishia mtu wa namna hiyo prednisoni, homa itashuka, atajisikia vizuri kwa siku mbili, na bakteria watapata nafasi.

Ilikuwa nimonia. Alilazwa, ametoka, anafundisha.

Akirudi kliniki aombe C3 na anti-dsDNA zilinganishwe na za nyuma. Tahadhari moja: C3 nayo hupanda kidogo mwili ukiwa na maambukizi, na hupanda kwenye mimba, kwa hiyo C3 iliyosoma “kawaida” wakati wa homa inaweza kuwa imefichwa. Ingojee homa iishe ndipo uiamini. Na kama kuna mtu atamwandikia seprini au dawa nyingine ya salfa, akumbushe kwamba ana lupasi. Wenye lupasi hudhuriwa na salfa mara nyingi kuliko wengine, na kwa baadhi yao huamsha ugonjwa.

“ANA yangu ni chanya”

*Bibi, shikamoo. Nilipimwa ANA kwa sababu magoti yananiuma, ikatoka chanya 1:80. Nimesoma mtandaoni nimelia usiku kucha. – Msichana, Dodoma*

Marahaba. Futa machozi. ANA ni kingamwili zinazoshika vitu vya ndani ya kiini cha chembe, na 1:80 maana yake zimeonekana hata damu ilipozimuliwa mara themanini. Wakipimwa watu wazima mia moja wasioumwa kitu, kumi na tatu hivi watakuwa na ANA ya 1:80. Malaria, kifua kikuu na homa ya ini nazo huweza kuileta. Kwenye vigezo vya mwaka 2019 vinavyotumiwa kuainisha lupasi, ANA ya 1:80 ni mlango wa kuingilia tu. Ndani unatakiwa ukusanye pointi kumi kutoka kwenye dalili na vipimo vingine. Magoti yanayouma tu hayakufikishi huko. Pima mkojo na picha kamili ya damu, mwonyeshe daktari, na usirudie ANA kila mwezi. Hata wenye lupasi ya kweli ANA haiwaambii kama ugonjwa umeamka au umelala.

Ameuliza pia kama anti-dsDNA “inapimwa kwa vijidudu”, maana fundi mmoja alimwambia hivyo akadhani anataniwa. Hakutaniwa. Kuna njia inayotumia kimelea kiitwacho Krithidia, kisichomdhuru binadamu, ambacho ni ndugu wa kile cha malale kinachosambazwa na mbung'o. Ndani yake kuna kidoti kilichosheheni DNA tupu, isiyochanganyika na protini zinazochanganya majibu. Ukimwagia maji ya damu ya mgonjwa na rangi inayong'aa, kingamwili zikiwepo kidoti kile huwaka kijani gizani. Ni kitu kizuri kukitazama. Njia nyingine hutumia sahani za plastiki na mashine, hutoa namba, na hukamata hata kingamwili hafifu. Ndiyo sababu majibu ya maabara mbili hayalinganishwi: 230 ya Dar es Salaam na 90 ya Arusha hazikwambii kama umepanda au umeshuka. Chagua maabara moja, kaa nayo.

“Ramadhani na alama mbili”

*Assalaam alaykum Bibi. Figo zangu ziliguswa na lupasi, sasa daktari anasema zimetulia. Ramadhani iliyopita nilipima mkojo kwa kijiti nyumbani kabla ya futari, nikaona alama mbili. Niliporudia kliniki baada ya siku tatu wakasema uwiano ni 0.2, hakuna tatizo. Kijiti kibovu, au kufunga kunaharibu? – Mama Khadija, Mombasa*

Waalaykum salaam, Mama Khadija. Kijiti hakina kosa. Saa kumi na mbili jioni ya mfungo mkojo wako umekolea, maji ni machache, na protini ileile ndogo inaonekana nyingi. Kijiti husoma ukolezi tu. Uwiano hugawanya protini kwa kreatinini, na kreatinini nayo hukolea mkojo unapokolea, kwa hiyo hesabu inajirekebisha. Ndiyo maana kwa mtu aliyewahi kuguswa figo nauamini uwiano kuliko rangi. Ukitaka kutumia kijiti nyumbani, kitumie asubuhi, mkojo wa kwanza baada ya kuamka, na uandike tarehe na presha ya siku hiyo. Alama mbili zikijirudia asubuhi kadhaa, nenda bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kama kufunga kwenyewe kunafaa kwa figo zako ni swali la daktari wako, na umwulize kabla mwezi haujaandama, hasa ikiwa unameza losartani au dawa ya kupunguza maji, au kama dawa zako za kinga ni za mara mbili kwa siku. Huwa inawezekana kuzipanga daku na futari, ila si kwa kila mtu na si kila mwaka.

Kuhusu kutolewa damu mchana wa mfungo, hilo mpelekee sheikh wako. Kwa upande wa maabara, C3, C4, anti-dsDNA na kreatinini hazihitaji uwe na njaa. Njoo hata umetoka kula, ila usiwe umetoka kwenye sahani kubwa ya nyama, maana kreatinini hupanda nayo.